Njia Panda ya Babati na Sisi Tuliotoka Juu

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari za shule ya zamani: mabweni, walimu, kengele ya alfajiri, uji wa saa nne. Nimemwomba radhi. Hayo wapo watakaoyaandika vizuri kuliko mimi, na wengine wao walikula uji mwingi kuliko mimi. Nataka kuandika habari za mahali pasipokuwa na uhusiano wowote na shule, ila kwamba sisi tuliotoka Mbulu na Hanang tulipapita mara nne kila mwaka, kwenda na kurudi, na ambapo si wote waliopafika walipavuka. Mahali penyewe ni njia panda ya Babati.

Ninyi wadogo zetu mlio madarasani leo mnaipita Babati mkiwa mmesinzia kwenye basi, na mkiamka mnauliza kama mmekwisha fika Magugu. Siwalaumu. Barabara nzuri humfanya msafiri asione kitu. Lakini hebu niwaeleze mahali penyewe palivyo, maana wengi wenu mmetoka mikoa ya mbali.

Kwetu ni Tumati, juu ya nyanda za Mbulu, nchi ya baridi na ukungu, ya mahindi, maharage, ngano na vitunguu swaumu. Upande wa mashariki nchi hiyo inakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu: huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Ukiteremka ukingo ule unafika Dareda, na kutoka Dareda unakwenda mwendo mfupi kwenye tambarare mpaka Babati, mji ulioketi kati ya Ziwa Babati na mlima Kwaraa. Hapo njia zinakutana. Ya kaskazini inakwenda Magugu, Minjingu, Makuyuni hadi Arusha. Ya kusini inapita Bonga kwenda Kondoa na Dodoma. Ya magharibi ndiyo hiyo ya Dareda, inaendelea Katesh hadi Singida, na kwa wenye safari ndefu zaidi, hadi Mwanza. Ipo pia ndogo ya mashariki, inayopita Galapo kuelekea nchi ya Wamasai, Simanjiro na Kiteto.

Mtu akisimama pale akatazama ramani atadhani Mungu mwenyewe ndiye aliyepachagua. La hasha. Mlima uliumbwa, na ziwa liliumbwa, lakini njia panda iliamuliwa na watu, na watu hao hawakuwa wakitufikiria sisi wa juu hata kidogo.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya Wajerumani, wenye misafara kutoka pwani ya Pangani walikuwa na kituo chao kikubwa Kondoa, katika nchi ya Warangi. Babati haikuwa njia panda ya mtu yeyote. Ilikuwa nchi ya Wagorowa, ambao wageni waliwaita Wafiomi. Wajerumani walipotaka kuwatawala Wairaqw walipanda juu, na mwaka 1906 wakaweka kituo chao Mbulu. Walikuwa na sababu zao: huko juu kuna maji, kuna hewa nzuri, hakuna ndorobo, na ndiko waliko watu wa kulipa kodi. Kwa Mjerumani, basi, Mbulu ndiyo iliyokuwa mji, na njia ya bondeni ilikuwa ya kupitisha ng'ombe.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Aprili 1916 Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, akipigana upande wa Waingereza, aliteremka kutoka upande wa Arusha na askari wake wa farasi. Alipita Lolkisale, akapita Ufiome, yaani nchi ya mlima wetu Kwaraa, akaiteka Kondoa. Vitabu vya vita vinasifu mwendo ule kwa wepesi wake. Lakini mara baada ya kufika, mvua za masika ziliifunga njia nyuma yake. Chakula hakikufika, farasi walikufa kwa wingi, askari wakalala njaa na homa katika mji waliouteka wenyewe. Mimi nilisoma habari hizo nikiwa mtu mzima, na nilicheka peke yangu. Jenerali mwenye mizinga alikwama kati ya Magugu na Kondoa kama mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza.

Waingereza walipochukua nchi walikuja na ndoto yao ya barabara ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, na kipande chake kilichopita kwetu kikaitwa Great North Road. Kilitoka Tunduma, kikapita Mbeya, Iringa na Dodoma, kikaja Kondoa, Babati, Arusha, kisha Namanga na Nairobi. Hapo ndipo mambo yetu yalipoamuliwa. Mhandisi anayetaka kutoka Dodoma kwenda Arusha hana haja ya kupanda ukingo wa Mbulu ili ateremke tena. Anafuata bonde. Basi barabara ilipita chini, na Mbulu yenye boma, mahakama na kamishna wa wilaya ikaachwa juu, pembeni. Kuanzia hapo nchi yetu ilikuwa na vichwa viwili: karatasi zilikuwa Mbulu, na magari yalikuwa Babati.

Palipo magari pana maduka. Katika miaka ya 1920 na 1930 Babati ilianza kuwa mji, pakawa na wafanyabiashara wa Kihindi, soko, na hata hoteli ya wasafiri wa Kizungu karibu na ziwa. Mwandishi Ernest Hemingway wa Marekani, aliyekuja kuwinda sehemu hizo mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934, aliitaja Babati katika kitabu chake *Green Hills of Africa*, kilichotoka 1935. Tumati hakuitaja. Hakuwa na sababu ya kuitaja, kwani barabara haikumleta. Vita vya Pili vilipoanza, mwaka 1940 misafara ya magari ya jeshi la Afrika Kusini ilitoka Broken Hill, Rhodesia ya Kaskazini, ikafuata barabara hiyo hiyo kwenda Kenya kuwakabili Waitaliano walioishika Uhabeshi.

Wakati huo huo watu wetu walikuwa wanateremka. Nyanda za juu zilikuwa zimejaa watu na ng'ombe, na kadiri vichaka vilivyofyekwa na ndorobo walivyorudi nyuma, Wairaqw walienea Dongobesh, Karatu, Hanang na mpaka pembezoni mwa Babati yenyewe. Serikali ya Kiingereza nayo, katika miaka ya 1940 na 1950, ilikuwa na mpango wake wa maendeleo kwa Mbulu, wa kufyeka vichaka na kupunguza mifugo, na wazee wetu waliuona mchungu hasa katika hilo la kupunguza ng'ombe. Ng'ombe waliouzwa walishushwa chini kwa miguu. Mwenye kuuza alipanda na fedha, na mwenye kununua alibaki njia panda. Sijui kama nahitaji kueleza ni nani kati yao aliyejenga nyumba ya bati kwanza.

Tulipoingia katika Uhuru, Wilaya ya Mbulu ilikuwa bado kubwa sana: Karatu, Mbulu yenyewe, Babati na Hanang, zote chini ya boma moja huko juu. Ilikuwa pia wilaya ya watu wenye vichwa vigumu. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama peke yake bila kupitishwa na chama, alishinda. Nalitaja jambo hilo kwa kujivuna kidogo, mhariri akipenda alikate.

Lakini kichwa kigumu hakizuii barabara. Mwaka 1969 Hanang ikatengwa na Mbulu ikawa wilaya, na makao yake makuu yakawekwa wapi? Babati. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ghafla barabara ya Dodoma, Babati na Arusha ikawa, kwenye karatasi, mojawapo ya barabara muhimu kuliko zote nchini. Nasema kwenye karatasi. Kwa magurudumu ilibaki vile vile. Mtu wa Arusha mwenye shughuli Dodoma, kama alikuwa na akili timamu na masika yamefika, alizunguka kwa Chalinze na Morogoro, safari inayokaribia kuwa mara mbili ya ile ya kupita Babati.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka 1983. Msafiri wa Arusha kwenda Mwanza aliyezoea kuzunguka kwa Nairobi hakuwa tena na njia hiyo. Akabaki na mbili: kukata Ngorongoro na Serengeti, au kupita Babati na Singida. Ongeza na malori ya ngano. Mashamba makubwa ya Basotu, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970 katika ardhi ya malisho ya Wabarabaig, yalikuwa yanatoa ngano, na ngano hiyo ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Babati ikawa imebeba mzigo wa nchi nzima juu ya udongo wa mfinyanzi.

Hapo ndipo mimi ninapoingia katika historia hii, nikiwa na sanduku la bati.

Mwezi Januari 1978 tulikuwa wawili kutoka kwetu tuliochaguliwa kuja shule hii. Jina la mwenzangu silitaji, kwa sababu ni mzima na hajaniruhusu. Tulikuwa tumekaa dawati moja tangu darasa la tatu. Baba yangu alitusindikiza kwa miguu, masanduku yetu yakiwa yamefungwa juu ya punda, tukateremka ukingo alfajiri kwenye ukungu, na tulipofika Dareda tukapata gari la mtu lililotufikisha Babati. Kila mmoja wetu alikuwa na waranti ya serikali ya kupandia basi. Kwa chakula cha njiani na dharura, baba yangu na baba yake walikuwa wamechanga shilingi 40, na kwa kuwa mimi nilikuwa mkubwa kwa miezi mitano, nilipewa mimi. Niliziweka ndani ya soksi.

Basi la kampuni tuliyoelekezwa halikuja. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi na barabara ilikuwa imekatika mbele, kwenye ule udongo mweusi wa kuelekea Magugu. Tulilala barazani pa duka siku ya kwanza. Siku ya pili tulilala pale pale, na mwenye duka, Mungu amrehemu, alitupa maandazi. Tulikuwa watu wengi: wanafunzi, askari mmoja anayerudi kazini, akina mama wenye kuku, mgonjwa aliyelazwa juu ya mkeka akisubiri kupelekwa Arusha. Njia panda ikifungwa huwa mji wa namna yake. Watu hujuana kwa majina, hukopeshana chumvi, na kila kukisikika mngurumo wa gari wote husimama.

Siku ya tatu, alasiri, ulisikika mngurumo. Lilikuwa lori, limetoka upande wa Katesh, magunia yamejaa mpaka juu, minyororo kwenye magurudumu. Dereva alisema anajaribu. Watu walilivamia. Waranti kwa lori si kitu, lori linataka fedha, nami fedha nilikuwa nazo. Utingo alininyooshea mkono akanivuta juu pamoja na sanduku langu, nikamlipa shilingi 15. Nikageuka kumtazama mwenzangu, naye alikuwa chini amekumbatia sanduku lake. Utingo akapiga bodi mara mbili na lori likaondoka.

Nimeieleza safari hii mara nyingi, na kila mara nimesema kwamba lori liliondoka ghafla. Ni kweli liliondoka ghafla. Lakini liliondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu ya utelezi, na lilikwenda hivyo mpaka nje ya mji. Nilikuwa na nafasi ya kuvua kiatu, kutoa shilingi 25 zilizobaki na kumtupia. Niliogopa kwamba nikiachia kamba nitaanguka, na niliogopa pia kufika Arusha sina kitu. Nilimpungia mkono. Yeye hakunipungia.

Nilifika shuleni usiku wa siku iliyofuata. Yeye alibaki Babati siku nyingine mbili na waranti mfukoni, bila senti, kisha akaanza kupanda kwa miguu kurudi Tumati, sanduku akiliacha kwa mwenye duka. Alifika nyumbani na homa. Walipopata nafuu ya barabara na ya mtoto, wiki zilikuwa zimepita, na nafasi yake ilikuwa imejazwa na mwingine aliyekuwa kwenye orodha ya akiba. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa, na nafasi zilikuwa chache. Nilimweleza mwalimu mmoja habari zake, akaandika barua. Barua nayo ilipita njia panda ile ile.

Kwa hiyo ninaposoma katika ripoti kwamba barabara fulani ina umuhimu wa kiuchumi, mimi hufikiria mtu mmoja. Wakubwa wa wakati ule, wakoloni na sisi wenyewe baada yao, tulikuwa tumekusanya njia zote za nchi kubwa mahali pamoja, kisha hatukupatengeneza. Pakifungika pale, hapakuwa na pengine. Kutoka Mbulu mjini ungeweza kushuka kwa Magara mpaka Mbuyu wa Mjerumani, lakini mteremko wa Magara wakati wa mvua ulikuwa wa kusoma sala, na ukishuka unakuta barabara ile ile ya Magugu. Watu wa Karatu peke yao ndio waliopona, kwa kuwa njia yao inatokea Makuyuni, mbele kabisa, wala haina habari na Babati. Nina maoni yangu hapa. Karatu ilipojitenga na Mbulu katika miaka ya 1990, na Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002, Karatu ilibaki Arusha na sisi tukawa Manyara. Watu wataja kabila, wataja siasa, wataja utalii. Mimi nasema tazama barabara kwanza. Kila mtu alikwenda na njia panda yake.

Na makao makuu ya Manyara? Hata mtoto angejua jibu. Mwaka 1985 Babati ilikuwa imetengana na Hanang, Hanang ikahamishia ofisi zake Katesh, na wengine walidhani Babati imepungua. Mwaka 2002 ikawa mji mkuu wa mkoa. Boma la Mbulu, lililotawala nchi yote kuanzia Karatu hadi mlima Hanang, likawa ofisi ya wilaya inayoandika barua kwenda bondeni. Wazee wa Mbulu mjini hawajalizoea jambo hilo, na nisingependa kuwa mimi wa kuwakumbusha.

Nisifanye kama kwamba Babati yenyewe ilipata raha tupu. Mwaka 1990 ziwa lilifurika likaingia mjini, nyumba zikabomoka, barabara ikawa chini ya maji. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilirudia somo hilo karibu nchi nzima. Mji uliojengwa kwa ajili ya wapita njia hupata pia maradhi ya wapita njia, na malori yalipokuwa yakilala pale siku tatu tatu, UKIMWI ulilala nao. Tulizika vijana wengi wa njia panda katika miaka ya 1990, na baadhi yao walikuwa wa shule hii.

Lami ilikuja kwa vipande. Kutoka Singida hadi Minjingu, kupitia Katesh, Dareda na Babati, ni kilomita 223 na nusu, zikagawanywa kwa makandarasi watatu, zikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, nacho kilikatwa vinne: Dodoma hadi Mayamaya, Mayamaya hadi Mela, Mela hadi Bonga, Bonga hadi Babati. Aprili 27, 2018, Rais John Magufuli alikizindua Kondoa, akiwa na Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Akinwumi Adesina, kwa kuwa benki hiyo pamoja na Japani ndio waliokopesha. Hesabu mwenyewe: tangu uamuzi wa kuhamia Dodoma mwaka 1973, ni miaka 45. Katika miaka hiyo yote makao makuu ya nchi na mji wa Arusha vilikuwa na umbali wa kilomita 420 hivi, na watu walikuwa wanazunguka kwa Chalinze.

Tangu siku hiyo njia panda imekuwa njia panda kweli. Basi la Mwanza, la Dodoma, la Mbeya na la Arusha yanakutana pale kabla ya jua kuwa kali. Mbaazi za Babati, vitunguu swaumu vya Mbulu, mahindi ya Kiteto na ng'ombe wa Hanang vinapimwa na kupakiwa pale pale. Upande wa Magara nako limejengwa daraja la mita 84, na mteremko umewekwa zege sehemu mbaya. Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu imehamishia makao yake Dongobesh, karibu kabisa na sisi, kwa hiyo mtu wa Tumati hana tena haja ya kwenda mbali kutafuta mhuri. Lakini lami ilifika Dareda chini miaka mingi kabla ya kufikiriwa kupanda kwetu, na mkulima wa kitunguu swaumu bado anauza kwa bei ya mwenye gari, si kwa bei ya soko, kwa sababu ya hizo kilomita chache za ukingo.

Na udhaifu wa zamani haujakwisha. Desemba 3, 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Barabara ya Singida ilifunikwa. Mimi siku hiyo nilikuwa Babati kwenye msiba mwingine, nikaona magari yakianza kupanga foleni na watu wakiteremka kunyoosha miguu na kuulizana majina, na nikajua sura zile.

Mwenzangu alibaki Tumati. Alilima, kisha akaanza biashara ya vitunguu swaumu, na kwa miaka mingi ameipita Babati mara nyingi kuliko mimi niliyesoma. Likizo zote tulikuwa tukionana, tukisalimiana vizuri, tukiulizana habari za wazazi. Shilingi 25 hazikutajwa na yeyote kati yetu kwa miaka 40.

Mwaka 2018, wiki chache baada ya barabara ya Dodoma kuzinduliwa, tulikutana Babati kwenye duka la chai karibu na stendi. Alikuwa anampeleka mjukuu wake shule, shule hii hii, na walikuwa wametoka nyumbani asubuhi ile. Nilimwambia kijana habari ya lori, yote, pamoja na soksi. Kijana alinitazama, kisha akamtazama babu yake. Mwenzangu alikunywa chai, akasema kwamba mimi tangu utoto ni mtu wa kuongeza chumvi. Lori lile, alisema, lilikuwa na mahindi, si ngano. Na utingo alimwita yeye pia, akamwambia apande nyuma juu ya magunia, naye ndiye aliyekataa kwa kuogopa mvua.

Mimi nilikuwa juu ya lori lile, karibu na utingo kuliko yeye, na sikusikia utingo akimwita mtu. Lakini mwenzangu alikwisha mwita mhudumu, akalipa chai ya watu watatu, na basi la Arusha lilikuwa linapiga honi.